Ruhusa ya Kuuza Chakula

Leo nataka kusema nanyi habari ya jambo tunaloliona kila siku wala hatulifikirii sana, nalo ni ruhusa ya kuuza chakula. Kila alfajiri, katika miji yetu na katika vituo vya mabasi, moto huwashwa kabla ya jua kuchomoza. Mama huyu achemsha uji, yule akaanga maandazi, kijana amenya viazi vya chipsi, na mzee atayarisha supu. Watu hupita, hula, hulipa, wakaenda zao. Alaye humwamini apikaye, maana hakuyaona maji yalikotekwa, wala hakuiona mikono ilipooshwa. Ruhusa nitakayoieleza leo ndiyo dhamana ya imani hiyo.

Nitaeleza kwanza sababu ya ruhusa hii kutakiwa, kisha njia ya kuipata katika Tanzania Bara, hatua kwa hatua, na mwisho nitasema habari za haki za mwombaji. Lakini hebu nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu mwenyewe.

Mama wa langoni

Karibu na lango la chuo cha ualimu ninakofundisha palikuwa na mama mmoja mjane, akiuza wali, maharage na chai kwa wanachuo. Alikuwa na wasichana wawili waliomsaidia. Chakula chake kilikuwa kitamu, na bei yake nafuu. Mimi mwenyewe nilikula kwake mara nyingi. Kwa biashara ile aliwanunulia watoto wake watatu sare na madaftari, na fungu lake la upatu alilitoa kila juma bila kukosa.

Asubuhi moja wakaja wakaguzi. Wakamwuliza vyeti vya kupima afya, yeye na wasichana wake; hawakuwa navyo. Wakamwuliza leseni, hakuwa nayo. Wakatazama mahali anapooshea vyombo, wakaona beseni moja tu, na maji yake yamegeuka rangi. Wakamwandikia karatasi, wakamwamuru afunge. Mchana alinijia na karatasi ile mkononi, nayo imelowa jasho. Akasema, "Mwalimu, nisomee. Maneno yake ni magumu. Je, wamenifungia milele?"

Nikaisoma mara mbili. Haikusema milele. Ilitaja mambo matano ya kutengeneza, na muda wa siku 14 wa kuyatengeneza, na jina la ofisi ya kurudi kuomba ukaguzi wa pili. Mama yule alikuwa amekwisha kumwambia jirani yake kwamba atauza sufuria zake, arudi kijijini kwao. Kumbe mlango haukufungwa kwa kufuli, ulirudishwa tu. Naye hakujua, kwa sababu hakuna mtu aliyemweleza. Tangu siku ile nimeona kwamba jambo hili yapasa lielezwe kwa lugha ambayo kila mtu aifahamu.

Kwa nini ruhusa yatakiwa?

Watu wengine hudhani kwamba ruhusa hizi zimebuniwa ili kuwasumbua maskini. Neno hili si la haki. Chakula ni njia kuu ya maradhi mengi: kipindupindu, homa ya matumbo ambayo wengine huiita taifodi, kuhara damu, na minyoo. Viini vya maradhi haya hutoka katika choo cha mgonjwa, vikashika njia ya mikono, maji au nzi, hata vikafika katika sahani ya mtu mzima.

Pwani yetu yaujua msiba huu tangu zamani. Mwaka 1869 na mwaka 1870 kipindupindu kiliipiga Unguja, kikaua watu wengi sana. Daktari mmoja aliyekuwako huko siku zile, James Christie, aliandika kitabu kizima juu ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki, nacho kikapigwa chapa mwaka 1876. Wala tusiseme kwamba hayo ni mambo ya kale. Mwezi wa Agosti mwaka 2015 ugonjwa huu ulizuka Dar es Salaam, ukaenea katika mikoa mingi ya nchi, na mahali pengine uuzaji wa chakula barabarani ulipigwa marufuku kwa muda. Wapishi waangalifu na wasio waangalifu walifungiwa pamoja. Hivyo mwaona, uchafu wa mmoja huweza kuwaondolea wengi riziki yao.

Lakini labda mtu atauliza: "Mimi ni mzima, sina homa wala siharishi. Kwa nini nipimwe?" Swali hili ni zuri, na jawabu lake limo katika habari za mpishi mmoja wa Marekani aliyeitwa Mary Mallon.

Mwaka 1906, tajiri mmoja mwenye benki alipanga nyumba katika mji wa Oyster Bay, karibu na New York, ili akae na jamaa yake wakati wa joto. Nyumbani mle mlikuwa na watu 11, na 6 kati yao wakashikwa na homa ya matumbo. Mwenye nyumba akaogopa kwamba hatapata mpangaji tena, akamwita mtaalamu aitwaye George Soper achunguze. Soper akachunguza maji na maziwa na vyoo, asione kitu. Ndipo akapata habari kwamba mpishi mpya alikuja majuma machache kabla ya ugonjwa, naye ameondoka. Akafuata nyayo zake nyumba kwa nyumba, akaona kwamba karibu kila alikopika, homa ilifuata nyuma yake.

Mary mwenyewe alikuwa mwanamke mwenye nguvu na afya. Viini vilikaa mwilini mwake bila kumdhuru, lakini viliwadhuru waliokula kwa mikono yake. Tena chakula kimoja alichosifiwa kwacho kilikuwa aiskrimu yenye vipande vya matunda mabichi. Chakula kinachopita katika moto mkali viini vyake hufa. Aiskrimu haipiti katika moto.

Mwaka 1907 alikamatwa kwa nguvu, akatengwa kisiwani mpaka mwaka 1910. Kisha akaachiliwa, baada ya kuahidi kwamba hatapika tena. Akajaribu kufua nguo, lakini ujira wa kufua ulikuwa haba kuliko ujira wa kupika, naye hakuamini kabisa kwamba ana viini. Akabadili jina, akarudi jikoni. Mwaka 1915 homa ilizuka katika hospitali ya wazazi mjini New York. Watu 25 wakaugua na 2 wakafa. Mpishi alikuwa ni Mary. Akarudishwa kisiwani, akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 1938.

Habari hii yatufundisha mambo mawili. La kwanza, mpishi mzima aweza kubeba ugonjwa asiujue, na kwa hiyo hapana budi apimwe. La pili, haitoshi kumwambia maskini, "Acha kazi yako," usimwonyeshe njia nyingine. Siku zile dawa ya kuviua viini vile haikuwapo. Leo ipo. Kwa hiyo leo apimwaye hapimwi ili afukuzwe, bali ili atibiwe na kurudi kazini.

Hatua ya kwanza: Namba ya mlipa kodi na jina la biashara

Sasa tuje katika njia yenyewe. Mtu atakaye kufungua mgahawa au nyumba ndogo ya chakula, kwanza awe na kitambulisho chake cha taifa. Kwa kitambulisho hicho ataomba Namba ya Utambulisho wa Mlipa Kodi, ambayo watu huiita TIN, katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania au kwa njia ya intaneti. Namba hii hutolewa bila malipo. Mtu akikudai fedha ili akupe namba hii, jua kwamba anakudanganya. Mamlaka itakadiria kodi yako, na utakapokuwa umetimiza yapasayo, itakupa cheti cha uthibitisho wa kodi. Kitunze cheti hicho, maana utakihitaji wakati wa kuomba leseni.

Ukitaka kufanya biashara kwa jina lako mwenyewe kamili, huna haja ya kuliandikisha. Lakini ukitaka kuandika juu ya mlango jina jingine, mathalani "Mgahawa wa Tumaini", yakupasa uliandikishe jina hilo kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA.

Hatua ya pili: Mahali

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu hupanga chumba, hulipa kodi ya miezi sita, hununua meza na viti, ndipo amwite Bwana Afya. Naye huja akaona kwamba choo ki karibu mno na jiko, au maji hayana njia ya kutokea. Fedha zimekwisha, na chumba hakifai. Haraka haraka haina baraka. Afadhali umwendee Bwana Afya wa kata yako kabla ya kulipa pango, umwombe akutazamie mahali. Swali la mapema halina gharama. Ukuta wa kubomoa una gharama.

Mkataba wa pango, au hati ya kuonyesha kwamba mahali ni pako, yafaa uwe umeandikwa, maana utatakiwa wakati wa kuomba leseni. Mapatano ya mdomo hayatoshi.

Je, Bwana Afya hutazama nini? Hutazama maji: yatoka wapi, yawekwa katika chombo gani, na chombo chafunikwa au la. Hutazama choo, na mahali pa kunawa mikono, na sabuni. Hutazama sakafu na kuta, kama zaweza kuoshwa, maana ukuta wenye nyufa ni nyumba ya mende. Hutazama njia ya moshi na ya hewa. Hutazama pipa la taka, kama lina kifuniko. Hutazama chakula kibichi kimewekwa wapi na kilichoiva kimewekwa wapi. Hutazama vyombo vyaoshwaje: yafaa beseni tatu, la kwanza la maji ya sabuni, la pili la kusuuzia, na la tatu la maji ya moto au maji yenye dawa ya kuua viini; kisha vyombo vikaushwe juu ya kichanja, visipanguswe kwa kitambaa kimoja kutwa nzima.

Hatua ya tatu: Kupima afya

Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 yaangalia afya ya watu washikao chakula cha kuuza. Kila mtu apikaye, apakuaye au aandaliaye wateja apimwe, si mwenye biashara peke yake. Hata mtoto wa ndugu aliyekuja kusaidia kwa juma moja naye ni mshika chakula. Upimaji hufanyika katika kituo cha afya au hospitali iliyokubaliwa, na kwa desturi hurudiwa kila baada ya miezi sita.

Mganga atapima choo, aangalie viini na mayai ya minyoo. Aweza kupima mkojo na damu. Atatazama ngozi, mikono na kucha, kama kuna vidonda au upele; na mwenye kikohozi cha siku nyingi atapimwa makohozi. Kisha cheti hutolewa chenye jina la mtu huyo. Cheti hakiazimwi. Kukodi cheti cha mwenzako ni sawa na kumpa mwenzako dawa anywe kwa ajili yako.

Mama yule wa langoni alipowapeleka wasichana wake, mmoja wao alionekana ana viini vya amiba, ingawa alikuwa hajambo kabisa. Mama akaja kwangu tena, amehuzunika, akasema, "Mwalimu, msichana huyu nimfukuze? Nampenda kama mwanangu." Nikamwambia amwulize mganga. Mganga akacheka, akasema hapana haja ya kumfukuza. Anywe dawa, apumzike jikoni siku alizoagizwa, kisha apimwe tena. Akafanya hivyo, akaonekana safi, akapewa cheti chake kama wenzake. Nami nilikumbuka bakuli zote za maharage nilizopokea kwa mikono ya msichana yule, nikanyamaza.

Waswahili husema: Mficha maradhi kifo humwumbua. Mpishi afichaye maradhi yake aweza kuwaumbua hata watu asiowajua.

Hatua ya nne: Leseni yenyewe

Mahali pakiisha kukaguliwa na watu wakiisha kupimwa, ndipo huombwa leseni. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 yagawanya biashara katika makundi mawili. Leseni za kundi la kwanza hutolewa na BRELA; za kundi la pili hutolewa na halmashauri za wilaya, miji, manispaa na majiji. Biashara za kawaida za chakula, kama mgahawa mdogo, huombewa leseni kwa halmashauri, katika ofisi ya Afisa Biashara. Siku hizi maombi ya halmashauri hufanywa kwa intaneti, katika mfumo uitwao TAUSI. Asiyejua kuutumia aende ofisini aombe msaada, au amwombe kijana aliyesoma. Lakini neno lake la siri asimpe mtu.

Vitu vya kuwa navyo ni hivi: kitambulisho cha taifa, TIN, cheti cha uthibitisho wa kodi, mkataba wa pango au hati ya mahali, cheti cha jina la biashara kama lipo, na maandishi ya ukaguzi wa afya. Ombi likikubaliwa utapewa kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo watu wengi huiita kontroli namba, nawe utalipa kwa benki au kwa simu. Usimpe mtu yeyote fedha mkononi. Fedha iliyolipwa kwa namba hiyo huacha alama; fedha iliyotiwa mfukoni mwa mtu haiachi alama yoyote.

Leseni ikipatikana itundikwe mahali inapoonekana na kila aingiaye. Leseni ya mahali pamoja haitumiki mahali pengine. Ukifungua mgahawa wa pili, uombe leseni ya pili. Tena leseni ina mwisho wake, nayo huhuishwa kila mwaka. Andika siku yake katika daftari, na siku ya kupima afya tena uiandike karibu yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mwenye kutaka kuuza pombe ajue kwamba leseni ya chakula haimruhusu. Vileo vina sheria yake na leseni yake mbali.

Mchuuzi mdogo asiye na nyumba, auzaye katika beseni au kwenye meza, atauliza kama haya yote yamhusu. Mwezi wa Desemba mwaka 2018 serikali ilianza kuwapa wachuuzi wadogo vitambulisho, na taratibu zake zimebadilishwa baadaye. Kwa hiyo amwulize afisa wa kata yake juu ya utaratibu wa sasa. Lakini jambo moja alishike sana: kitambulisho cha mchuuzi si cheti cha afya. Kitambulisho chasema yeye ni nani; hakisemi mikono yake imebeba nini. Kupima afya ni wajibu wa mwenye beseni kama ulivyo wa mwenye hoteli.

Chakula cha kufungwa katika pakiti

Biashara nyingine ni ya kusindika: kusaga unga wa lishe, kukamua mafuta ya alizeti, kufunga asali katika chupa, kutengeneza achari, kisha kuvipeleka madukani. Kazi hii ina mlango mwingine. Zamani ilisimamiwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mwaka 2019 usimamizi wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Hilo ndilo lisajililo majengo ya kusindikia, lipimalo chakula chenyewe, na litoalo alama ya ubora.

Mjasiriamali mdogo asiogope jina kubwa la shirika hili. Lipo Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, nalo lina ofisi mikoani. Hufundisha usindikaji na ufungaji, nalo humwandikia mtu barua ya kumtambulisha kwa TBS. Anza huko.

Karatasi ya pakiti ionyeshe jina la chakula, vitu vilivyomo, uzito, jina na mahali pa aliyetengeneza, siku ya kutengenezwa na siku ya mwisho wa kutumika. Usiandike siku ya uongo. Katika nchi ya Kenya, mwaka 2004, mahindi yaliyoota kuvu yaliwasumisha watu katika wilaya za mashariki, na watu 125 wakafa. Sumu ya kuvu, iitwayo aflatoksini, haionekani kwa jicho wala haiondoki kwa kupika ugali. Asagaye mahindi yenye kuvu ili asipate hasara ya gunia moja aweza kuleta hasara isiyolipika.

Wenzetu wa Zanzibar wanayo sheria yao, na Wakala wao wa Chakula na Dawa. Na Kenya vibali vya biashara hutolewa na serikali za kaunti, na wapishi wao nao hupimwa. Njia zatofautiana, lakini shabaha ni moja.

Hesabu ya viini

Hapa nataka wanafunzi wachukue kalamu. Kiini kimoja kikiwa katika chakula chenye uvuguvugu huweza kugawanyika kikawa viwili kwa muda wa dakika 20. Basi, kama saa sita mchana kiini kimoja kimeanguka katika sufuria ya maharage iliyoachwa mezani, saa kumi na mbili jioni vitakuwa vingapi? Saa sita zina vipindi 18 vya dakika 20. Zidisha kwa mbili mara 18: mbili, nne, nane, kumi na sita, ukaendelea hivyo hivyo. Jawabu ni 262,144. Na maharage hayajabadilika harufu wala rangi.

Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lafundisha mambo matano: safi iwe mikono na vyombo, kibichi kitengwe na kilichoiva, chakula kiive barabara mpaka katikati yake ifikie joto la digrii 70, kilichoiva kikae katika moto unaozidi digrii 60 au katika baridi isiyofikia digrii 5, wala kisiachwe nje zaidi ya saa mbili, na maji na vyakula vinavyotumiwa viwe salama. Mwenye kuyashika haya haogopi mkaguzi aje saa yoyote. Tena mpishi anayeharisha au kutapika asiingie jikoni siku ile, hata kama cheti chake kingali kipya. Cheti chasema habari za siku aliyopimwa. Habari za leo anazijua yeye mwenyewe.

Haki za mwombaji

Nimesema mengi juu ya wajibu. Sasa niseme juu ya haki. Sheria haimfungi mpishi peke yake, yamfunga na mkaguzi pia.

Kwanza, mkaguzi akija, una haki ya kumwomba kwa adabu kitambulisho chake. Pili, akikukuta na kosa, mwombe aliandike, na aandike muda wa kulitengeneza, kisha nawe ubaki na nakala. Tatu, ukiisha kutengeneza, rudi ofisini kabla ya muda kwisha, uombe ukaguzi wa pili. Usingoje aje. Nne, kila fedha utoayo idai stakabadhi. Tano, mtu akikuomba rushwa ili akupe cheti bila kukupima, au afumbe macho asione choo kibovu, usikubali. Rushwa ni kosa kwa atoaye na kwa apokeaye, na Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, TAKUKURU, hupokea habari hizo kwa simu namba 113 bila malipo. Na fikiri: cheti kilichonunuliwa hakiui kiini hata kimoja. Umelipa fedha, na ugonjwa ungali jikoni.

Tena nina neno kwa wasomi wenzangu, walimu na makarani na viongozi wa vijiji. Tumeona kwamba mama yule alikaribia kuuza sufuria zake kwa sababu ya karatasi asiyoifahamu. Mmoja wetu akikaa naye nusu saa, hofu yote huondoka. Kusoma kwetu kuna faida gani, ikiwa jirani atafunga riziki yake kwa kukosa mtu wa kumsomea? Siku ya soko, kaa chini ya mti, waeleze wenye kuuza chakula hatua hizi nne. Waandikie katika karatasi kwa herufi kubwa.

Mwisho

Labda mwataka kujua mwisho wa mama wa langoni. Alinunua beseni mbili nyingine na pipa la maji lenye bomba na kifuniko. Mwenye nyumba akasakafia jiko, baada ya kuvutana naye kidogo juu ya gharama. Siku ya kumi na mbili alikwenda mwenyewe ofisini kuomba ukaguzi wa pili, wala hakunihitaji nimsindikize. Siku zile alizofunga zilimgharimu, sitaki kuwaficha. Fungu lake la upatu mwezi ule alikopa kwa jirani. Lakini alipofungua tena, leseni ilikuwa ukutani, na chini yake vyeti vitatu vya afya vimefungwa katika karatasi ya nailoni visiingie moshi.

Mwanachuo mmoja alipofika kwa chai aliuliza kwa mzaha, "Mama, umetundika picha za ukutani?" Akamjibu, "Sizo picha, mwanangu. Soma kwanza, kisha ule."

Nami nawaambieni vivyo hivyo, ndugu zangu. Mwenye kuuza chakula atundike cheti chake. Na mwenye kununua asione haya kukitazama. Kwa herini.